Chumvi ya majivu: maji yakiondoka, nini kinabaki?

Zamani, chumvi ya duka ilipokosa ao ilipopanda bei, wamama wazee wa vijiji vya Maniema hawakupika sombe bila ladha. Walikausha maganda ya ndizi, maua ya mti wa ngazi ao majani yanayoota majini, wakayachoma mpaka yakawa majivu. Ufundi huu tusiuache upotee, lakini tujue pia mahali unapoishia.

Majivu yanatiwa ndani ya chungu chenye matundu chini, kisha maji yanamwagwa juu yake polepole. Majivu yanabaki, maji yenye rangi kama ya chai yanadondoka. Ukiyaonja yana chumvi, lakini hata ukiyachuja mara 10 kwa kitambaa hupati punje moja. Chumvi imeyeyuka, inapita pamoja na maji katika kila tundu.

Dawa yake ni moto. Tumia chungu cha udongo, maana maji ya majivu ni makali, yanakula sufuria ya alumini. Yanachoma ngozi pia, basi watoto wakae mbali. Maji yanapanda kwa mvuke, chumvi haiwezi kupanda nayo. Yakianza kuwa mazito, punguza moto na ukoroge. Mwishoni inabaki chumvi ya kijivu. Huko Uvinza, Tanzania, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 1,000.

Mtoto umwonyeshe bila moto. Koroga kijiko 1 cha chumvi ya duka katika nusu kikombe cha maji mpaka ipotee, mwaga katika sahani, weka juani. Maji yakikauka, ataona punje zimerudi.

Sasa tusikilizane, wamama. Kinachobaki ni kile kilichokuwamo tu. Chumvi ya majivu ina potasi nyingi, na haina iodi ile inayotiwa kiwandani. Mwili ukikosa iodi, shingo inavimba, ndiyo goita, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, wachunguzi wa miaka ya 1960 walikuta goita kwa watu wengi sana. OMS inasema mama mwenye mimba anahitaji mikrogramu 250 za iodi kila siku. Tena, mwenye ugonjwa wa figo asile chumvi ya majivu: potasi nyingi inaweza kuudhuru moyo wake.

Basi chumvi ya majivu ibaki kwa ladha ya siku moja moja. Ya kila siku iwe ya pakiti iliyoandikwa «iodé». Ukifika nyumbani, itie katika kopo lenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa jiko, kwa sababu iodi nayo inajua kutoroka.