Skani ya Mimba: Ipi, Lini, na ya Nini?

Ikiwa uko Malindi mjini, Watamu, Ganze, au ng'ambo ya Mto Sabaki kule Mambrui, Gongoni na Marafa, vuta kigoda uketi. Mama mjamzito, mazungumzo ya leo ni yako. Na wewe bwana, usiondoke, kwa maana yanakuhusu pia.

Tuseme yuko mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane. Mkononi ana karatasi mbili za skani. Ya kwanza alipigwa mimba ikiwa na wiki 10, nayo inasema atajifungua tarehe 10 Juni. Ya pili amepigwa juzi, mimba ikiwa na wiki 34, nayo inasema tarehe 28 Juni. Mavyaa amesema, "Mashine hizi ni za uongo." Mumewe amesema, "Tushike ya pili, ndiyo mpya." Je, wewe ungeshika ipi? Weka jawabu lako moyoni. Tutalirudia.

Skani ni nini?

Wengine huiita altrasaundi, wengine picha ya tumbo. Ni mashine inayotuma sauti nyembamba mno, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Sauti hiyo hupenya tumboni, ikigonga mtoto hurudi kama mwangwi, na mashine hugeuza mwangwi huo kuwa picha. Wavuvi wetu wenye mashine ya kupima kina cha bahari wanalijua jambo hili. Pomboo wanaoogelea pale Watamu nao hutafuta samaki kwa njia hiyo hiyo.

Daktari aliyeileta kazi hii kwa wajawazito ni Ian Donald wa mji wa Glasgow, kule Scotland. Mwaka 1955 alianza majaribio kwa mashine ya kiwandani iliyokuwa ikitafuta nyufa ndani ya vyuma. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha picha zao, na tangu hapo kazi ikaenea duniani.

Wako wanaosema skani inamchoma mtoto au inaleta saratani. Hiyo si kweli. Inayotumia miale ni eksirei. Skani hutumia sauti. Kwa miaka yote imetumika kwa wajawazito bila kuonekana madhara kwa mtoto, mradi mpimaji awe amesomea kazi na kuwe na sababu ya kupima.

Njia za kupima

Ya kwanza ni ya juu ya tumbo. Utapakwa mafuta ya ubaridi, kisha mpimaji atapitisha kifaa juu ya ngozi. Haiumi. Mimba ikiwa changa, utaambiwa unywe maji kiasi cha glasi nne kabla na usiende haja ndogo, maana kibofu kilichojaa hufanya mji wa uzazi uonekane vizuri.

Ya pili hupitia njia ya uzazi. Kifaa chembamba, kilichovikwa mpira safi, huingizwa taratibu. Hutumika mimba ikiwa changa sana au mama akiwa na maumivu, kwa sababu huona kwa karibu zaidi. Haitoi mimba. Hapa kibofu kiwe kitupu. Una haki ya kuelezwa kwanza, ya kukubali au kukataa, na ya kuomba nesi wa kike awepo chumbani.

Ya tatu ni Doppler. Hii hupima mwendo wa damu katika kitovu cha mtoto na mishipa yake. Hufanywa mama akiwa na presha, au mtoto akionekana hakui vizuri. Usiichanganye na kile kifaa kidogo cha kusikilizia moyo kliniki. Hicho hutoa sauti tu, wala hakioni picha.

Ya nne ni ile inayoonyesha sura ya mtoto, pua, mdomo na mashavu, na nyingine humwonyesha akipiga miayo. Daktari aweza kuihitaji, kwa mfano akishuku mdomo uliopasuka. Lakini kwa mama wengi ni picha ya kumbukumbu. Usiuze mbuzi kwa ajili yake na hali hujalipia nauli ya kliniki.

Kila skani na wakati wake

Wiki za mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mimba kamili ni wiki 40. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuandiki. Mama akiulizwa hujibu, "Ilikuwa wakati wa kupalilia mahindi," au, "Ilikuwa kabla ya Ramadhani." Hapo ndipo skani ya mapema inapofaa.

Skani ya mapema, kabla ya wiki ya 14, hujibu maswali manne. Mimba iko ndani ya mji wa uzazi au imetunga nje? Moyo unapiga? Ni mtoto mmoja au mapacha? Na mimba ina umri gani? Swali la kwanza ni la uhai. Mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi yaweza kupasua mrija na kumwaga damu ndani ya tumbo. Dada yangu, ukikosa hedhi kisha ukapata maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, au damu, kizunguzungu au maumivu ya bega, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Skani ya katikati, wiki ya 18 hadi 22, hukagua maungo: kichwa, uti wa mgongo, moyo, tumbo, mikono na miguu. Hutazama pia kondo la nyuma limejishika wapi. Ikiwa uwezo wako ni wa skani moja tu, huu ni wakati mzuri, kwani mengi huonekana kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate skani moja kabla ya wiki ya 24, na aonane na wahudumu wa afya mara 8 katika mimba yake.

Ukiambiwa kondo liko chini, usife moyo. Mara nyingi mji wa uzazi unapokua, kondo nalo hupanda. Utaitwa tena karibu na wiki ya 32 litazamwe upya. Lakini likibaki limeziba mlango wa uzazi, mtoto hana njia ya kupita, na kujaribu kuzalia nyumbani ni kuitafuta mauti. Huyo lazima ajifungue kwa upasuaji, katika hospitali yenye damu ya kuongezewa. Dalili yake ni damu nyekundu isiyo na maumivu. Hata ikiwa kidogo, hata ikikatika yenyewe, nenda hospitali.

Skani ya mwisho, baada ya wiki ya 28, hutazama ukuaji wa mtoto, wingi wa maji, kondo, na kama ametanguliza kichwa au matako. Si kila mama anaihitaji. Humfaa mwenye presha, kisukari, mapacha, aliyewahi kupasuliwa, au ambaye tumbo lake ni dogo au kubwa kupita wiki zake. Mtoto akionekana amekaa vibaya wiki ya 28, bado ana nafasi ya kugeuka. Jambo hilo hupewa uzito zaidi kuanzia wiki ya 36.

Na je, mvulana au msichana? Huonekana kuanzia wiki ya 18 au 20, na wakati mwingine mpimaji hukosea. Bwana, kumbuka kuwa mbegu yako ndiyo inayoamua. Usimlaumu mwenzio kwa jambo lililotoka kwako.

Tarehe ipi tushike?

Sasa turudi kwa mama yetu mwenye karatasi mbili. Tarehe ya kushika ni ya kwanza, ile ya 10 Juni.

Sababu ni hii. Mimba ikiwa changa, watoto wote hukua karibu sawa. Kwa hiyo kipimo cha wiki ya 10 hukosea kwa kiasi cha siku 7 tu. Karibu na wiki ya 20, kosa laweza kufika siku 10. Baada ya wiki ya 28 laweza kufika siku 21, maana hapo watoto wameanza kutofautiana: huyu mnene, yule mwembamba. Mashine haijui siku uliyoshika mimba. Hupima ukubwa wa mtoto, kisha hukisia.

Sasa tazama hatari. Ikiwa familia hii itashika tarehe 28 Juni, siku hiyo mimba itakuwa na wiki 42 na siku 4. Muda umepita, kondo limechoka, na mtoto aweza kufia tumboni huku watu wamekaa wanasema, "Tarehe bado." Tena kuna jambo la pili. Ikiwa tarehe ya kwanza ni sahihi, basi karatasi ya pili inatuambia kwamba mtoto ni mdogo kuliko alivyotarajiwa. Huenda ni umbo lake tu, au huenda hapati chakula cha kutosha kupitia kondo. Hilo ataamua daktari, lakini ataamuaje ikiwa karatasi ya kwanza imeachwa nyumbani chini ya godoro?

Usidhani pia kwamba watoto wetu ni wadogo kwa asili. Vipimo vya ukuaji vilivyotolewa mwaka 2014 vilitokana na wajawazito wa nchi nane, wakiwemo wa Nairobi na wa Muskati kule Omani. Ilionekana kwamba mama akiwa na afya na lishe nzuri, watoto hukua kwa namna inayolingana popote walipo.

Kwa hiyo mama, weka karatasi zote ndani ya kijitabu chako cha kliniki. Ukipewa karatasi, tafuta herufi EDD. Hiyo ndiyo tarehe ya kujifungua. FHR ni mapigo ya moyo wa mtoto, na kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. EFW ni uzito unaokisiwa. Usilolielewa, uliza. Kuuliza si ujinga.

Siku ya kwenda

Vaa nguo ya vipande viwili, na chukua leso ya kujisitiri na ya kujifutia mafuta. Mimba ikiwa imekua, kula kama kawaida. Beba kijitabu. Bwana akiweza, mfuatane, asikie kwa masikio yake. Hospitali kubwa kama za Malindi na Kilifi zina mashine. Kuhusu malipo, kumbuka kuwa mpango wa Linda Mama uliokuwa chini ya NHIF ulibadilika Oktoba 2024, na sasa mambo haya yako chini ya SHA, katika mpango wa Linda Jamii. Jisajili mapema kwa simu, *147#, kisha uulize kliniki yako ni skani ipi inayolipiwa na ipi utakayotoa mfukoni.

Neno la mwisho. Skani ni jicho, haina mikono. Utafiti wa nchi tano, Kenya na Kongo zikiwemo, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kuongeza skani katika vituo vya afya peke yake hakukupunguza vifo vya akina mama na watoto. Aliyeonekana ana hatari lazima afike penye mkunga, daktari na damu. Kwa hiyo ukiambiwa una mapacha, au kondo liko chini, kaeni nyumbani mpange: nauli iko wapi, nani ana gari, na Sabaki ikifurika njia ikakatika mtapita wapi. Mwenye kukaa mbali aje mapema kwa jamaa aliye karibu na hospitali.

Na mtoto akiacha kucheza, chupa ikivunjika kabla ya wakati, kichwa kikiuma sana na macho kuona giza, au damu ikitoka, usiende kutafuta skani. Nenda hospitali moja kwa moja. Skani ikihitajika, utapigwa huko huko.

Mambo matatu ya kukumbuka: skani moja kabla ya wiki ya 24, tarehe ya skani ya mapema ndiyo ya kushika, na karatasi zako zote ziwe ndani ya kijitabu.

Mweleze na jirani ambaye hakupata kusikia. Nakutakia uzazi salama.