Mkopo wa Benki kwa Nyumba ya Wageni

Mtu akisimama karibu na daraja la mto Lwakhakha ataona watu wa nchi mbili wakipita tangu asubuhi: wachuuzi, madereva, wanafunzi, na jamaa wanaokwenda matanga au arusi ng'ambo ya pili. Katika miaka ya 2010 upande wa Uganda barabara ya Bumbobi, karibu na Mbale, hadi Lwakhakha, urefu wa kilomita 44.5, ilitiwa lami kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Msafiri akichelewa mpakani hana budi kula na kulala. Kwa sababu hiyo watu wengi wenye hoteli za chai hapa kwetu hutamani kuongeza vyumba vya kulala nyuma yake, nao huuliza habari za mikopo ya benki.

Jambo hili lamhusu mkulima kwa njia mbili. Kwanza, hoteli ni soko la maziwa, mayai, kuku, maharagwe na sukuma wiki. Hoteli ikikua, soko hilo hukua. Pili, mwenye hoteli mara nyingi ni mkulima vilevile, na dhamana anayopeleka benki ni hati ya shamba lake. Hoteli ikianguka, shamba laweza kwenda nayo.

Kazi ya mkopo

Faida ya chai na mandazi huingia kidogo kidogo, na hutumika kidogo kidogo. Ni vigumu kujenga vyumba sita kwa fedha hiyo. Mkopo humpa mtu leo fedha ambazo angezikusanya kwa miaka mingi, lakini sharti azirudishe kutoka katika mapato ya kitu alichokinunua. Basi fedha za mkopo zinunue vitu vinavyoleta wageni au vinavyopunguza gharama: vitanda, tangi la maji, vyoo safi, jiko lisilokula kuni nyingi. Mkopo ukilipia arusi, deni litabaki na wageni hawataongezeka.

Hesabu yake

Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa ofisi ya kilimo, basi niruhusuni niandike kama ubaoni. Huu ni mfano tu. Kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe.

Tuseme mama mmoja anataka kuongeza vyumba sita, na kazi yote itagharimu Sh. 900,000. Anazo Sh. 300,000 za akiba. Anakopa Sh. 600,000 kwa miezi 36, riba asilimia 14 kwa mwaka. Ikiwa riba yahesabiwa juu ya deni linalobaki, atalipa karibu Sh. 20,500 kila mwezi, na riba yote itakuwa karibu Sh. 138,000. Lakini ikiwa yahesabiwa juu ya mkopo mzima mpaka mwisho, atalipa karibu Sh. 23,670 kila mwezi, na riba yote itakuwa Sh. 252,000. Asilimia ni ileile, lakini riba imeongezeka kwa Sh. 114,000 hivi. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, uliza riba yahesabiwa kwa njia gani, na gharama zote za mkopo ni kiasi gani.

Sasa tutazame mapato. Chumba ni Sh. 500 kwa usiku. Vyumba vitatu kati ya sita vikipata wageni kila usiku, kwa siku 30 zitaingia Sh. 45,000. Toa Sh. 20,000 za mfanyakazi, sabuni, maji na umeme; zabaki Sh. 25,000. Akilipa Sh. 20,500, abakiwa na Sh. 4,500. Lakini vyumba viwili tu vikipata wageni, zitaingia Sh. 30,000, akitoa gharama za Sh. 18,000 zabaki Sh. 12,000, naye atapungukiwa Sh. 8,500 kila mwezi. Chumba kimoja kilichokosa mgeni ndicho kinachotenga faida na hasara.

Tena wageni hawaji sawasawa. Mwezi wa Agosti katika mwaka wa tohara, yaani miaka inayogawanyika kwa mbili, jamaa hutoka mbali na vitanda havitoshi. Miezi mingine vyumba hukaa vitupu. Mtu asipeleke benki hesabu ya Agosti peke yake. Na fedha za mwezi mzuri ziwekwe kando zilipe mwezi mbaya.

Majengo peke yake hayatoshi

Mwaka 1965 Serikali iliunda shirika la kuendeleza utalii, KTDC, likopeshe hoteli na kununua hisa ndani yake. Mt. Elgon Lodge, upande wa Kitale, na Golf Hotel ya Kakamega zilikuwa miongoni mwa hoteli zake. Hata hivyo hoteli hizo ziliingia katika orodha ya mali ya Serikali ya kuuzwa iliyotangazwa mwaka 2009. Leo kazi ya kukopesha hoteli imo mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Kenya, KDC. Ikiwa hata hoteli zenye shirika la Serikali nyuma yake zaweza kufika katika orodha ya kuuzwa, mwenye vyumba sita asidhani kwamba fedha zikipatikana kazi imekwisha.

Habari ya hati ya shamba

Shamba la kilimo haliwezi kuwekwa rehani bila idhini ya Bodi ya Ardhi. Nyumba ya ndoa nayo haiwekwi rehani bila mume na mke wote wawili kukubali. Mama, usitie sahihi karatasi ambayo hukusomewa.

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mkopaji akishindwa kulipa, benki haiwezi kuuza mara moja. Lazima impe notisi ya kulipa, muda usiopungua miezi mitatu, kisha notisi nyingine ya kuuza ya siku 40 au zaidi. Wengi huficha barua hizo chini ya godoro kwa haya. Kufanya hivyo ni kupoteza siku ambazo mtu angeweza kwenda benki na kuomba apangiwe malipo upya.

Tena si lazima dhamana iwe ardhi. Tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, ng'ombe, mazao na mitambo vyaweza kukubaliwa. Mwenye haja ya mkopo mdogo aulize hilo kwanza, aiache hati nyumbani.

Anza na daftari

Kabla ya kwenda benki, andika kwa miezi sita fedha zote zilizoingia na zilizotoka, na idadi ya wageni waliolala kila usiku. Kama bado huna vyumba, andika wageni uliowarudisha kwa kukosa mahali pa kuwalaza. Daftari likionyesha kwamba wageni hawatoshi, limekuokolea shamba. Likionyesha kwamba wanatosha, lipeleke benki pamoja na leseni yako, nawe utazungumza na meneja huku umeshika hesabu yako mkononi.