Mchore mchuma chai kabla mashine haijafika
Niliacha chuo kwa kukosa karo, lakini penseli sikuiacha. Nawe usiiache. Hapa Mogogosiek, wachuma chai ndio darasa lako. Anza na mstari wa mgongo ulioinama, nguo baadaye. Aliyesimama mpime kwa kichwa chake: huwa kama vichwa saba na nusu. Ukichora sura, macho yakae katikati ya kichwa, si juu. Hapo nilikosea sana. Kisha mfanye achume: sekunde moja ni fremu 24, ila michoro 12 yatosha, kila mmoja ukionyeshwa mara mbili. Fanya haraka, buda. Mashamba makubwa ya Kericho na Bomet tayari yanatumia mashine. Mamangu alipojiona akichuma kwenye simu yangu, aliacha kuniuliza nitarudi chuo lini.