Mbwa Wenu Anamsikiliza Nani?

Hebu tuulizane. Pale nyumbani kwenu mbwa akimrukia mgeni au akinguruma, mnafanyaje? Wengi tutajibu: fimbo! Tunaamini akichapwa sawasawa atajua nani bosi.

Nilipokuwa kidato cha pili nami niliamini hivyo. Mbwa wetu alikuwa akinguruma ukimsogelea wakati anakula, nami nikawa namchapa kila mara. Akaacha kunguruma. Nikajisifu sana! Wiki chache baadaye mdogo wangu alipita karibu na sahani yake, akang'atwa mkono bila onyo lolote. Kumbe kunguruma ndiko kulikuwa onyo, na mimi nilikuwa nimemfundisha asilitoe. Woga wake ulibaki palepale.

Habari hii ya ubosi ina historia. Mwaka 1947 mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Schenkel, aliandika juu ya mbwa mwitu wa Ulaya waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama mjini Basel, akaeleza jinsi walivyogombea ukubwa. Watu wakadhani hata mbwa wa nyumbani lazima ashindwe kwa nguvu. Lakini mwaka 1999 Mmarekani David Mech, aliyewatazama wakiishi huru porini kwa miaka mingi, alieleza kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto. Wazazi wanaongoza kwa kuwa ni wazazi, basi.

Sasa wewe utaongozaje? Anza na chakula, maana sufuria unayo wewe! Shika dagaa mmoja juu ya pua yake, msogeze taratibu kuelekea kichwani. Mbwa atainua kichwa na kukaa. Hapohapo sema "Kaa!" na umpe. Usichelewe, la sivyo hatajua anapewa kwa lipi. Akishazoea, akae kwanza kabla ya kila mlo. Nyumba nzima mtumie neno hilohilo. Kaka akisema "kaa", dada "keti" na babu "sidauni", mbwa atajua lipi? Akikurukia, mgeuzie mgongo, umsalimie miguu yote minne ikiwa chini. Na akiwa anakula, mwacheni ale.

Akimng'ata mtu, hata kidogo tu, usifanye mchezo. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano za chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Mdogo wangu alichomwa sindano zake zote, na leo yu mzima.

Mbwa naye ana chanjo yake. Muulize bwana mifugo itatolewa lini, na siku hiyo mpeleke wewe mwenyewe, dagaa wachache mfukoni.