Je, wajua laptop iliyopigwa Windows upya bado ina kumbukumbu?

Mwaka 2003, wanafunzi wawili wa chuo cha MIT nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya vitu vya mitumba. Walikuwa wamenunua diski 158 zilizokwisha kutumika, wakazichomeka moja moja kuona zimebeba nini. Diski 129 zilikuwa bado nzima. Kati ya hizo, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Zilizobaki ziliwapa nambari za kadi za benki zaidi ya 5,000, barua pepe za watu na rekodi za wagonjwa. Moja ilionekana kuwa imetoka kwenye mashine ya ATM katika jimbo la Illinois, miamala ikiwa bado imo. Na baadhi ya diski hizo wenyewe walikuwa wameshazifomati.

Diski kama hizo ndizo zinazozunguka sokoni kwetu. Pita Kariakoo jijini Dar es Salaam au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, utakuta laptop zilizokwisha tumika Ulaya au Ghuba zimepangwa mezani. Zote zinawaka na sura mpya, hazina picha wala faili la mtu, na muuzaji anakuhakikishia kwamba zimepigwa Windows upya. Hasemi uongo. Ila laptop ina mahali patatu pa kuweka kumbukumbu: diski, chipu ya ubao mama, na seva zilizo mbali. Kupiga Windows hugusa pa kwanza tu, tena hapamalizi.

Flashi ina kazi gani?

Mfumo endeshi hauwezi kujifuta wenyewe ukiwa kazini, kwa kuwa mafaili yake yanatumika wakati huohuo. Ndiyo maana fundi huja na flashi, ya GB 8 au zaidi. Anawasha mashine huku akibonyeza F12 kwenye Dell na Lenovo, au F9 kwenye HP, ili chipu isianzie kwenye diski bali kwenye flashi. Kinachopanda hapo ni Windows ndogo inayoishi ndani ya RAM peke yake. Diski inabaki haina kazi, na sasa inaweza kufutwa.

Tangu Windows Vista, usakinishaji ni kufungua furushi: faili moja kubwa liitwalo install.wim limebeba Windows iliyokwisha pangwa, nalo linafumuliwa juu ya diski. Hilo linaeleza kero moja ya mafundi. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, na install.wim mara nyingi huvuka hapo.

Kero nyingine huwakuta wenye laptop za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea. Orodha ya diski inaweza kutokea tupu kabisa, na mteja akaambiwa diski imekufa. Huenda haijafa. Flashi haina draiva ya kuzungumza na kidhibiti cha Intel kilichoko kati yake na diski. Draiva hiyo ikipakiwa, diski inaonekana. Iulizie kabla hujatoa pesa ya diski mpya.

Kufuta kusikofuta

Fundi anafuta sehemu zote za diski, anaanza upya, na diski inafomatiwa kwa sekunde chache. Sekunde chache hizo zinatosha kubadilisha jambo moja tu: jedwali linaloeleza faili gani liko wapi. Ni kama mwenye nyumba aliyefuta majina ya wapangaji kwenye daftari, ilhali wapangaji wenyewe bado wamelala vyumbani. Kwenye diski ya kuzunguka, mafaili ya zamani yanakaa palepale mpaka Windows mpya iandike kitu juu yake. Windows hiyo haijazi diski ya GB 500, hivyo sehemu kubwa haiguswi, na programu za kufufua mafaili, zipo hata za bure, zinaweza kuyasoma.

Ajabu ni kwamba diski za SSD, zisizozunguka, husahau vizuri zaidi. Tangu Windows 7, mfumo unapofuta kitu kwenye SSD huipelekea amri iitwayo TRIM, kuijulisha kwamba nafasi fulani hazihitajiki tena. SSD yenyewe huzisafisha kwa wakati wake, kwa sababu haiwezi kuandika upya mahali ambapo hapajafutwa kwanza. Mara nyingi mafaili hayo hayarudi tena. Lakini wakati huo huchaguliwa na kidhibiti cha SSD, si wewe.

Mwaka 1996 mtafiti Peter Gutmann alipendekeza njia ya kuandika juu ya diski mara 35, na mpaka leo wako wanaoamini kwamba pungufu ya hapo ni hatari. Gutmann mwenyewe alikuja kueleza kwamba mara zote hizo hazihitajiki kwa diski za kisasa. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, inasema kwa diski ya sumaku kuandika juu mara moja kwa kawaida kunatosha. Amri ya clean all ndani ya diskpart, zana ya Windows ya kupanga diski, hufanya hivyo, ingawa inaweza kuchukua saa kadhaa.

Chipu isiyoguswa

Wengi hushangaa Windows mpya inapojitambua ina leseni bila mtu kuandika namba yoyote. Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, watengenezaji huiweka namba ya leseni ndani ya chipu ya ubao mama, ambako fomati haifiki.

Hiyo ni kumbukumbu yenye faida. Nyingine hazina. Windows 8 ilileta pia njia ya chipu kuikabidhi Windows programu ya kuendesha kila mashine inapowaka. Mwaka 2015, wenye baadhi ya laptop za Lenovo waligundua kwamba hata baada ya usakinishaji safi, programu ya kampuni ilirudi yenyewe. Lenovo ikatoa toleo jipya la programu ya chipu ili kuiondoa. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya ESET ikaeleza kuhusu LoJax, kirusi kilichojiandika ndani ya chipu. Kupiga Windows hakukukiondoa, wala kubadilisha diski nzima.

Kumbukumbu iliyo mbali

Mahali pa tatu hapamo hata ndani ya laptop. Kampuni nyingi husajili mashine zao kwenye huduma ya Microsoft iitwayo Autopilot, inayozitambua kwa alama za vifaa vyake. Laptop kama hiyo ikiuzwa kabla ya kufutwa kwenye usajili, Windows mpya ikiunganishwa tu na intaneti wakati wa kuiandaa, inaweza kumwomba mnunuzi nywila ya kampuni asiyoijua. Kompyuta za Apple za miaka ya karibuni zina kufuli la namna hiyo, linalofungwa na akaunti ya mwenyewe. Hapo kupiga tena hakusaidii; ruhusa iko kwa mmiliki wa kwanza.

Na wepesi je?

Wengine hupiga Windows upya ili kuondoa uzito wa mashine. Ikiwa uzito huo ulitokana na programu nyingi zinazojiwasha zenyewe, au virusi vya kawaida, mashine itapona. Lakini diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika huchukua milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, na hakuna Windows itakayoiharakisha. Vumbi lililoziba feni nalo halifomatiki.

Muuzaji na mnunuzi

Wawili hawa wana hofu tofauti. Muuzaji aogope diski: awashe BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski, angali na mashine, diski yote isimbwe, ndipo ipigwe Windows. Funguo zikishafutwa, kilichobaki ni herufi zisizosomeka. Ahakikishe tu kwamba vitu vyake vimeshahamishwa, kwani hata yeye hatavipata tena.

Mnunuzi aogope chipu na seva. Kabla ya kulipa, laptop ipigwe Windows mbele yake ikiwa imeunganishwa na intaneti, aone kama itadai akaunti ya mtu. Aingie kwenye mipangilio ya chipu aone kama inafunguka bila nywila. Akifika nyumbani, apakue programu mpya ya chipu kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe. Ukaguzi huo kwa kawaida hauzidi saa chache, na ukifanyika dukani, hasara ya laptop iliyofungwa inabaki kwa anayeiuza.