Je, Wajua? Riesling Kavu Inapozeeka

Je, wajua kwamba kuna mvinyo mweupe ambao ukikaa chupani miaka kumi unaweza kunukia mafuta ya taa, na wanaoupenda huutafuta kwa sababu hiyo hiyo? Ni Riesling, zabibu yenye asili ya Ujerumani, na hapa tunazungumzia ile kavu, yaani ile ambayo hamira imekula karibu sukari yote na kuigeuza kileo.

Hakuna tone la mafuta lililoingia humo. Harufu hiyo hutokana na kemikali ambayo wataalamu huiita TDN, na mzizi wake ni karotenoidi, jamii ile ile inayoipa karoti na embe bivu rangi yake. Zabibu ikipigwa na jua hujilimbikizia viambata vitokanavyo na karotenoidi. Mvinyo ukishafungwa, asidi yake huvivunjavunja polepole mwaka baada ya mwaka, na TDN huzidi kuongezeka. Jua kali, majani yaliyopunguzwa kuzunguka vichala na ghala lenye joto huharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana Riesling ya Australia Kusini huweza kunukia hivyo ikiwa bado changa, ilhali ile ya bonde la Mosel, Ujerumani, huchukua muda zaidi. Mikrogramu chache tu katika lita moja zinatosha kugundulika puani. Watengenezaji wenyewe hawajakubaliana: wako wanaoihesabu harufu hii kuwa kasoro na wako wanaojivunia nayo. Mimi naona hivi: ikitangulia mbele ya kila kitu katika mvinyo wa miaka miwili, ni kasoro. Ikija nyuma ya asali, ndimu na mkate uliochomwa katika mvinyo wa miaka 15, ni uzuri ambao sijui zabibu nyingine inayoweza kuutoa.

Je, wajua kwamba mvinyo mweupe hukolea rangi kadiri unavyozeeka, na mwekundu hupauka? Riesling changa ina rangi ya majimaji yenye kijani kwa mbali. Ikizeeka vizuri huwa dhahabu. Ikiwa kahawia, hewa imeingia.

Je, wajua kwamba Riesling ina tarehe ya kuandikwa kwa mara ya kwanza? Ni Machi 13, 1435, katika hesabu za kabaila wa Katzenelnbogen huko Rüsselsheim karibu na mto Rhine: miche ya mizabibu ya Riesling, shilingi 22. Mwaka 1998 vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa mzazi wake mmoja ni Gouais Blanc, zabibu ya watu wa kawaida iliyodharauliwa kwa karne nyingi, ambayo pia ni mzazi wa Chardonnay.

Je, wajua kwamba mwishoni mwa karne ya 19 Riesling bora za Rhine ziliuzwa Uingereza kwa bei iliyolingana na ile ya mvinyo mashuhuri wa Bordeaux, na wakati mwingine kuipita?

Je, wajua kwamba neno “kavu” kwenye lebo halina maana ya kutokuwa na sukari kabisa? Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, mvinyo ni mkavu ukiwa na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, lakini kiwango huweza kupanda hadi gramu 9 iwapo asidi haipungui sukari hiyo kwa zaidi ya gramu 2. Kwa Riesling, iliyojaliwa asidi tele, hiyo ni ruhusa kubwa. Gramu 8 za sukari zikikutana na gramu 8 za asidi, ulimi hausemi “tamu”, husema “imekamilika”. Ndiyo maana Taasisi ya Kimataifa ya Riesling, iliyoundwa 2007, haikutazama sukari peke yake ilipotengeneza kipimo chake cha utamu. Ilitazama uwiano wa sukari na asidi, na ukiwa chini ya 1, mvinyo huhesabiwa mkavu.

Asidi hiyo ndiyo siri yote ya umri wake. Mvinyo mwekundu huzeeka kwa msaada wa ukakasi wa maganda, na mweupe wa Burgundy hupata msaada wa pipa jipya la mwaloni. Riesling kavu haina kimoja wala kingine. Hutengenezwa katika tangi la chuma cha pua au pipa kuukuu na kubwa, lile la lita 1,000 la Mosel au la lita 1,200 la Rheingau, ambalo mbao zake zimekwisha kuchoka na hazitoi ladha tena. Kwa kawaida pia haiachwi igeuze asidi yake kali ya tufaha kuwa asidi laini ya maziwa, jambo ambalo Chardonnay nyingi hufanyiwa. Kwa hiyo unapoonja Riesling kavu ya miaka 20, unaonja zabibu, ardhi na muda. Hakuna kilichowekwa katikati, na kosa likitendeka shambani litaonekana hata miaka 20 baadaye.

Je, wajua namna bora ya kulihakikisha hilo? Linganisha. Tafuta chupa mbili za mtengenezaji mmoja, za mwaka mmoja, kutoka mashamba mawili. Bonde la Clare, kaskazini mwa Adelaide huko Australia Kusini, limebarikiwa kwa zoezi hili. Wajesuiti kutoka Austria walipanda mizabibu huko Sevenhill mwaka 1851 kwa ajili ya mvinyo wa misa, na leo bonde hilo ni miongoni mwa makao makuu ya Riesling kavu duniani. Jeffrey Grosset, mtengenezaji wa huko, hutengeneza Riesling mbili zenye jina kubwa. Moja inatoka upande wa Watervale, kwenye udongo mwekundu juu ya mawe ya chokaa. Nyingine inatoka Polish Hill, kwenye mawe ya sleti na udongo haba. Ya Watervale hujitoa mapema, imejaa ndimu na maua. Ya Polish Hill ikiwa changa ni ngumu, imebana, karibu inakufukuza. Zipe miaka kumi zote mbili, kisha zimimine bega kwa bega: ile iliyokuwa ngumu mara nyingi ndiyo inayoendelea kukupa kitu kipya kila unaporudi kwenye glasi. Ukionja moja leo na nyingine mwezi ujao, tofauti hiyo itakuponyoka.

Glasi ziwe za umbo moja. Chupa zifunikwe, kwa sababu lebo huonja kabla ya ulimi. Nyuzi joto kati ya 10 na 12 zinatosha; baridi ya friji huficha harufu na kuiacha asidi ikipiga kelele peke yake. Mimi huanza na changa na kumalizia na kongwe, kisha hurudi nyuma mara moja, maana baada ya kuonja kongwe ndipo unapotambua kilichokuwa kimejificha katika changa.

Je, wajua kwamba kifuniko kinaweza kuufanya mvinyo mmoja uwe wa aina mbili? Kizibo cha gome la mwaloni hufyonza sehemu ya TDN. Mfuniko wa chuma wa kuzungusha hauifyonzi. Mvinyo ule ule wa siku ile ile, ukifungwa kwa njia mbili, baada ya muongo mmoja hautanukia sawa. Lakini kizibo kina hatari nyingine kubwa kuliko hiyo. Kinaweza kubeba TCA, kemikali iliyotambuliwa mwaka 1981 na mtafiti wa Uswisi, Hans Tanner, ambayo huupa mvinyo harufu ya boksi la karatasi lililolowa na kuota ukungu. Nanogramu chache kwa lita zinatosha kuuharibu. Australia ilijaribu mifuniko ya kuzungusha miaka ya 1970, wanunuzi wakaikataa kwa kuiona ya kimaskini, na watengenezaji wakarudi nyuma. Kisha kikundi cha watengenezaji wa Clare kilikubaliana kufunga Riesling ya mavuno ya 2000 kwa mifuniko hiyo. Walisimama pamoja ili asiachwe mmoja kulaumiwa. Leo chupa hizo zimepita miaka 20, na bishano la kama Riesling inaweza kuzeeka bila kizibo cha gome limekwisha kwa upande wangu.

Je, wajua kwamba vipande ving'aavyo kama chembe za kioo chini ya chupa kongwe havina madhara? Ni fuwele za chumvi ya asidi ya zabibu, ile ile inayotengenezewa unga wa kuumulia keki. Simamisha chupa usiku mmoja, mimina taratibu.

Je, wajua kwamba Wachau, ukingoni mwa mto Danube nchini Austria, huyapanga makundi ya mvinyo wake mkavu kwa uzito? Steinfeder ni mwepesi na hauzidi asilimia 11.5 ya kileo, Federspiel uko katikati, na Smaragd huanzia asilimia 12.5. Smaragd limepewa jina la mjusi wa kijani anayeota jua kwenye kuta za mawe za makonde hayo, na ndilo kundi la kuwekwa akiba.

Je, wajua kwamba Clos Sainte Hune, Riesling kavu ya Alsace inayotajwa kuliko zote, hutoka kwenye kipande cha hekta 1.67 tu? Familia ya Trimbach imekuwa ikiiuza kwa jina hilo tangu mavuno ya 1919, na huishikilia ghalani miaka kadhaa kabla ya kuiachia.

Je, wajua kwamba hadi 2010, chupa ya Afrika Kusini iliyoandikwa “Riesling” tu ingeweza kuwa na zabibu nyingine kabisa, Crouchen? Riesling halisi ililazimika kujiongezea neno, kwa mfano Rhine. Anayekuta chupa kongwe ya Afrika Kusini ya enzi hizo dukani Nairobi au Dar es Salaam na asome lebo mara mbili.

Je, wajua kwamba Riesling kavu nyingi hupita kipindi cha kunyamaza? Matunda ya ujana yamekwisha, asali haijafika, na mvinyo hauna la kusema. Wengi huuhukumu hapo na kuuza akiba yao kwa hasara. Iko njia ya kuupima: kunywa nusu chupa leo, iliyobaki ifunge na uiweke kwenye friji, kisha uionje kesho na kesho kutwa. Ikiwa siku ya tatu imefunguka na kuongeza harufu, chupa zako nyingine bado zina safari ndefu. Ikiwa imepooza na kunukia tufaha lililokatwa na kuachwa mezani, zinywe mwaka huu.