Mbwa Mgeni katika Ua Wenye Kuku, Paka na Simbilisi

Katika kata ya Mjimwema, ndani ya Halmashauri ya Mji wa Njombe, kama ilivyo katika kata yenye jina hilohilo mjini Makambako, mbwa aghalabu haingii katika nyumba tupu. Hukuta ua wenye kuku wa kienyeji wanaochakura mchana kutwa, paka anayelinda mahindi dhidi ya panya, mbuzi au nguruwe wachache bandani, pengine mbwa mzee, na katika baadhi ya kaya simbilisi, yaani wanyama wadogo wa jamii ya panya wenye asili ya milima ya Amerika ya Kusini, ambao hufugwa kwa ajili ya kitoweo katika Nyanda za Juu Kusini. Mbwa mwenyewe huletwa kwa kazi ya ulinzi, na desturi iliyoenea ni kumfungia mchana na kumfungua usiku ili awe mkali. Elimu ya tabia za wanyama inaonyesha kwamba desturi hiyo inayokusudiwa kumpata mlinzi humzaa pia muuaji wa kuku, na kwamba chanzo cha matokeo hayo kinapaswa kutafutwa katika hesabu ya majuma ya mwanzo ya maisha ya mbwa kabla ya kutafutwa katika damu yake.

Majuma hayo huitwa kipindi nyeti cha ujamiishaji, nacho ni muda mfupi wa utotoni ambamo ubongo wa mtoto wa mbwa hukipokea kila kiumbe anachokutana nacho mara kwa mara kuwa sehemu ya kawaida ya dunia, kwa kuwa woga wa vitu vigeni bado haujakomaa kiasi cha kumfukuza. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza mbwa kwa miaka mingi katika Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walikadiria kwamba kipindi hicho huanza katika juma la 3 na kufifia karibu na juma la 12. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake walikuwa tayari wametoa ushahidi mzito: waliwalea watoto wa mbwa ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio mrefu bila kuguswa na binadamu, wakawa wanawatoa mmojammoja katika umri tofauti, na wale walioshikwa na watu kwa mara ya kwanza wakiwa na majuma 14 waliwakwepa watu kama wafanyavyo wanyama wa porini. Miongoni mwa aina 5 za mbwa ambazo Scott na Fuller walizifuga alikuwamo basenji, mbwa mwenye asili ya Afrika ya Kati, ambaye katika umri wa majuma 5 alikuwa mwoga zaidi ya wenzake wa Ulaya na Marekani, lakini aliposhikwashikwa kila siku alizoea upesi.

Jambo linalomhusu zaidi mfugaji wa Mjimwema ni kwamba kipindi hicho, ambacho ni kama dirisha linalofungika, hakiwahusu binadamu peke yao. Michael Fox, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1969, aliwalea watoto wa mbwa wa aina ya Chihuahua mmojammoja pamoja na watoto wa paka tangu wakiwa na siku 25 hivi hadi majuma 16, na walipokutanishwa na mbwa wenzao walipendelea kukaa na paka. Kwa maneno mengine, mbwa hazaliwi na orodha kamili ya viumbe wa kuishi nao na viumbe wa kukimbiza, bali sehemu kubwa ya orodha hiyo huandikwa na wale anaowaona, anaowanusa na anaolala karibu nao kabla ya kutimiza miezi 3 au 4.

Hesabu ya dirisha hilo basi ni ya kusikitisha. Mtoto wa mbwa anayefaa kuhama ni yule wa majuma 8 hivi, kwa kuwa akitenganishwa na mama yake na ndugu zake mapema mno hukosa mafunzo ya kupima nguvu ya meno yake, ambayo hupatikana pale ndugu anapolia na kuacha kucheza baada ya kuumwa sana. Akifika nyumbani katika umri huo hubakiwa na majuma 4 hadi 6 ya dirisha lililo wazi, na hayo ndiyo majuma ambayo mwenye nyumba humfungia. Mchana, kuku wakiwa uani, yeye yuko kizuizini akiwasikia na kuwanusa kupitia nafasi za mbao bila kuwafikia, hali inayomjengea msisimko badala ya mazoea. Usiku anapofunguliwa, kuku wamekwisha kufungiwa, mbuzi wamo zizini, na ua ni wake peke yake. Mbwa wa namna hiyo anaweza kufikisha mwaka mzima akiishi hatua chache tu kutoka kwa kuku bila kuwahi kujifunza kwamba kuku ni majirani. Siku mlango wa banda unaposahaulika wazi mchana, matokeo huitwa ukorofi wa mbwa, ingawa mbwa huyo hakuwahi kupewa nafasi ya kujifunza kitu kingine.

Ili kuelewa kinachotokea siku hiyo, inafaa kuangalia jinsi uwindaji wa mbwa ulivyopangika. Raymond Coppinger, mtaalamu wa tabia za mbwa wa Chuo cha Hampshire nchini Marekani, aliueleza kuwa mfuatano wa vitendo unaoanza kwa kuelekeza kichwa, kukazia macho, kunyemelea na kukimbiza, ukaendelea kwa kushika, kuua, kupasua na kula, ambapo kila kitendo huchochewa na ishara yake na hujilipa chenyewe kwa raha inayoletwa na ubongo. Mbwa aliyeshiba anaweza kuua kuku 6 asile hata mmoja, kwa sababu kukimbiza hakuhitaji njaa. Kunahitaji kitu kinachokimbia. Kuku anayepiga mabawa na kupiga kelele ni kichocheo kamili, na simbilisi, ambao hutawanyika ghafla wakilia kwa sauti nyembamba wanaposhtuka, ni kichocheo cha hatari zaidi. Ndiyo maana simbilisi wanaofugwa kwenye sakafu ya jiko, kama ilivyo kawaida katika kaya nyingi zinazowafuga, hawapaswi kuachwa na mbwa pasipo kizuizi hata baada ya miezi mingi ya amani, ilhali mbuzi mkubwa anayesimama imara na kuinamisha pembe humfundisha mtoto wa mbwa adabu bila msaada wa mtu.

Coppinger alionyesha pia kwamba mfuatano huo unaweza kulala usiamke kuelekea aina fulani ya wanyama. Mbwa wa kulinda mifugo kutoka Anatolia, nchini Uturuki, huwekwa pamoja na kondoo au mbuzi wakiwa na majuma 8 hivi, wakakua wakiwachukulia kuwa kundi lao. Shirika la Cheetah Conservation Fund la Namibia limewasambaza kwa wafugaji tangu 1994, na baadhi ya mbwa wa aina hiyo waliletwa katika muongo wa 2010 kwa wafugaji wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mkoani Iringa, ili kuwakinga ng'ombe na mbuzi dhidi ya simba, fisi na chui. Urithi wa aina yao una mchango wake, lakini hata wao wakikosa malezi ya zizini hufukuza mifugo. Mkulima wa Njombe hahitaji mbwa wa Uturuki ili kunufaika na kanuni hiyo, kwani mbwa wa kienyeji aliyefungwa kamba fupi na kulazwa kando ya kuku wanaodonoa, akapewa kipande cha dagaa kila anapowatazama na kugeuza kichwa, hujifunza ndani ya majuma machache kwamba kuku ni habari ya kawaida. Wataalamu huuita mchakato huo mazoea, yaani kupungua kwa mwitikio wa mnyama kwa kitu kinachojirudia bila madhara wala manufaa, na huongezewa nguvu na ujifunzaji wa kuhusisha aliouchunguza Ivan Pavlov nchini Urusi, ambapo kitu kimoja hubeba maana ya kingine kinachokifuata. Lengo lake ni kutojali, ambako ni kitu cha chini sana kuliko urafiki, na pengine ndiyo sababu kunapatikana kwa urahisi zaidi.

Paka ni suala jingine, maana yeye hutafsiri. Mkia unaopigwa huku na huko ni dalili ya uchangamfu kwa mbwa na dalili ya hasira kwa paka, na mbwa anayeinamisha kifua na kuinua makalio akiomba mchezo huonekana kwa paka asiyemjua kama mnyama anayejiandaa kuruka. Hata hivyo utafiti wa Neta-li Feuerstein na Joseph Terkel wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wengi wa mbwa na paka waliokaa nyumba moja walijifunza kusomana ishara hizo, na kwamba uhusiano ulikuwa mwema zaidi pale paka alipotangulia kuingia nyumbani na wanyama wote wawili walipokutana wakiwa wadogo. Nyumba nyingi za Njombe zina faida hiyo ya kwanza bila kuipanga, kwa kuwa paka huwa ameshatangulia.

Kinachovuruga faida hiyo mjini Njombe, ulioko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni baridi. Kati ya Juni na Agosti mahali penye thamani kuliko pote nyumbani ni kando ya jiko lenye makaa, na hapo paka ameshajimilikisha. Mtoto wa mbwa aliyezoea joto la mama na ndugu zake hupakimbilia, akachapwa kucha puani, na kila mmoja akabaki na kumbukumbu mbaya ya mwenzake. Wataalamu wa tabia huzungumzia zaidi ugomvi wa chakula, pengine kwa sababu wengi wao huandika wakiwa katika nyumba zenye joto. Katika Nyanda za Juu Kusini joto ni chakula cha pili. Mgeni akitengewa boksi lenye magunia na nyasi kavu mbali na jiko, na paka akibakishiwa rafu au dari ambayo mbwa hawezi kuifikia, chanzo kikubwa cha uhasama huwa kimeondolewa kabla hawajatazamana.

Kabla ya kutazamana, aidha, inafaa wanusane. Pua ya mbwa ina chembe za kupokea harufu zinazokadiriwa kuwa zaidi ya milioni 200, ilhali ya binadamu ina takriban milioni 5, na juu ya kaakaa lake kuna kiungo cha Jacobson, kinachopokea kemikali zinazobeba taarifa za jinsia na hali ya mnyama mwingine. Gunia alilolalia mbwa mzee likiwekwa kwa mgeni, na la mgeni likapelekwa kwa mzee, taarifa hizo hufika bila hatari ya meno. Siku chache za kungoja kabla ya kuwakutanisha zina sababu nyingine ya kibiolojia: uchunguzi wa mbwa waliopokewa katika kituo cha wanyama nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba kortisoli, homoni inayoongezeka mwili unapokuwa katika mfadhaiko, ilikuwa juu hasa katika siku 3 za mwanzo. Mbwa wakubwa wakutanishwe nje ya ua, barabarani, wakitembezwa sambamba, kisha waingie pamoja. Bakuli za ugali zitenganishwe kwa ukuta, kwa kuwa mbwa mzee anayenguruma juu ya bakuli lake anatoa onyo la haki na hastahili fimbo.

Siku hizo za kungoja hutumika pia kama karantini. Virusi vya paravo, vinavyosababisha kuhara damu na ambavyo vilienea duniani tangu 1978, huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi, hivyo ua ambamo mtoto wa mbwa amekufa kwa kuhara usipokee mwingine asiyechanjwa mwaka huohuo. Distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa, ndiyo iliyowaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Mbuzi na kondoo nao wana la kuogopa: mbwa aliyelishwa vichwa vibichi vya kondoo hubeba aina ya tegu ambayo mayai yake, yakiangukia malishoni, huzalisha vifuko ndani ya ubongo wa mbuzi na kumfanya azunguke mahali pamoja mpaka anaanguka. Dawa ya minyoo siku ya kwanza ni rahisi kuliko mbuzi mmoja.

Juu ya yote kuna kichaa cha mbwa, ambacho utafiti uliochapishwa na Sarah Cleaveland na wenzake mwaka 2002 ulikadiria kuwa huua karibu watu 1,500 kwa mwaka nchini Tanzania. Virusi vyake huweza kukaa mwilini majuma au miezi kabla ya dalili, kwa hiyo mbwa mkubwa asiyejulikana anakotoka anaweza kuonekana mzima siku anapoletwa, na paka, mbuzi na ng'ombe huambukizwa kwa kuumwa kama binadamu. Chanjo ya afisa mifugo kwa kila mbwa na paka wa nyumbani hutangulia utambulisho wowote. Anayeumwa huosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha huenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Chanjo hizi huleta mgongano ambao vitabu vingi vinauacha wazi, kwa kuwa majuma ya ujamiishaji hupita kabla kinga ya chanjo haijakamilika, na mwenye mbwa wa mjini huambiwa kwa wakati mmoja amtembeze na asimtembeze. Ua wa Mjimwema hauna mgongano huo. Kuku, paka waliochanjwa, mbuzi na watoto wa nyumbani wote wamo ndani ya uzio, na mtoto wa mbwa anaweza kukutana nao kila siku kwa saa chache za mchana, kamba yake ikiwa mkononi mwa mtu mmoja, pasipo kukanyaga barabara. Wala ulinzi haupotei, kwa kuwa mbwa hubwekea wageni kwa sababu anawajua wenyeji, na kadiri anavyowajua wenyeji wake wengi, wa miguu miwili na minne, ndivyo anavyomtambua upesi asiyekuwa wao.

Mbwa anayeletwa akiwa mkubwa, ameshaonja raha ya kukimbiza, hawezi kuahidiwa matokeo hayohayo. Kumchapa mbele ya kuku aliyekufa hakumfundishi lolote kuhusu kuku, kwa kuwa adhabu inayochelewa hata kwa dakika chache huhusishwa na mtu aliyeshika fimbo, na mbwa hujifunza kuua pale mtu huyo asipokuwapo. Baadhi yao hutulia baada ya miezi ya kamba na dagaa, na baadhi hawatulii kamwe. Kwa hao, banda la kuku hujengwa kwa mbao imara na wavu wa chuma uliofukiwa chini kiasi cha kumzuia mbwa kuchimba, na ufunguo hushikwa na mtu mmoja.